Kunde na wali visivyolemea: ninavyopika nyumbani Dodoma

Mafuta huingia kwenye kunde na wali kwa milango minne, na wapishi wengi huwa tunaangalia mmoja tu. Wa kwanza ni mafuta ya kukaangia vitunguu. Wa pili ni tui la kwenye kunde. Wa tatu ni tui la kwenye wali. Wa nne, kwa sisi tunaoishi huku katikati ya nchi, ni karanga za kusaga ambazo watu wa Dodoma hutilia mboga za kila aina. Mimi ni mtu wa Tanga niliyeolewa Ugogoni, kwa hiyo jikoni kwangu milango yote minne ilikuwa wazi, mara nyingine kwa chakula cha mchana kimoja.

Mama mkwe alipohamia kwetu kutoka Bahi, presha yake ilikuwa imepanda. Haukupita muda mume wangu naye akapimwa, akakutwa lehemu (kolesteroli) iko juu. Daktari aliwaambia wapunguze chumvi na mafuta, kisha akaongeza neno lililonipa moyo: kunde waendelee nazo, tena wale kwa wingi. Kilichobaki kilikuwa kazi ya mpishi. Mama alinitazama tulipofika nyumbani akasema, "Mwanangu, usije ukanipikia kunde za maji matupu. Bora niache kula." Nikamjibu, "Mama, hutaacha kula kwa mkono wangu." Nilimaanisha. Sipendi kabisa kuona mtu mzima anawekewa sahani isiyo na ladha kwa kuwa tu ameugua.

Nilianza kwa kupima. Upawa niliokuwa natumia kumiminia mafuta ulibeba kama vijiko vinne vikubwa, na kijiko kikubwa kimoja cha mafuta kina kalori zipatazo 120. Hapo kitunguu hakijaiva na tayari sufuria ina kalori karibu 500 ambazo hakuna anayezionja. Nazi je? Nyama ya nazi iliyokomaa ina mafuta kama gramu 33 katika kila gramu 100, na mengi ni yale yanayoganda, ambayo mwenye lehemu ndiyo anayoambiwa ayapunguze. Nikageukia karanga, maana majirani walinishauri niache nazi nitumie karanga, "hizo ni nyepesi." Si nyepesi. Karibu nusu ya uzito wa karanga ni mafuta. Ni mafuta ya namna nyingine, yanayomfaa mgonjwa wa lehemu kuliko ya nazi, lakini ni mengi, na ukimwaga bakuli zima la karanga za kusaga umebadilisha jina tu la kinacholemea.

Basi nikajiwekea kanuni moja, na hiyo ndiyo iliyofanya kazi: mlo mmoja, mlango mmoja. Siku ya nazi, nazi inaingia kwenye kunde peke yake, wali unapikwa mweupe, karanga hazisogei jikoni. Siku ya karanga, nazi inapumzika. Mafuta ya kukaangia nimeyaondoa siku zote mbili. Wala sikuifukuza nazi nyumbani. Mtu wa pwani hawezi, na hakuna haja.

Shida ilikuwa ladha. Ukiondoa mafuta bila kuweka kitu mahali pake, unapata zile kunde za maji alizoziogopa mama. Nilichokuja kukiona ni kwamba kunde zenyewe zina mchuzi mzito mtamu, sisi ndio tunaoumwaga au kuufunika kwa tui. Kwa hiyo kazi kubwa iko kwenye kuchemsha.

Nachagua kunde mpya, zile zinazoingia sokoni Majengo baada ya mavuno, zenye ngozi laini na zisizobunguliwa. Naziloweka usiku kucha, asubuhi namwaga maji ya kulowekea. Maji hayo hubeba sehemu ya zile sukari ambazo tumbo haliwezi kuzimeng'enya, zikifika utumbo mpana bakteria wanazichachua na gesi inajaa. Mama alikuwa analalamika tumbo kujaa kila akila kunde, na kumwaga maji kumempunguzia sana. Kisha nazichemsha kwa maji mapya na kitunguu maji kimoja kizima, punje kadhaa za kitunguu saumu na kipande cha tangawizi kilichopondwa. Nyanya hazikaribii sufuria bado, wala ndimu, maana uchachu hufanya ngozi ya kunde igome kulainika.

Hapa Dodoma kunde huchukua muda kuliko Tanga, na mwanzoni wageni wa pwani hulaumu kunde. Mji wetu uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi kama 96 badala ya 100. Ukiongeza maji ya kisima yenye chumvichumvi, kama ya mtaani kwetu, madini yake hushikamana na ngozi ya kunde na kuifanya ngumu zaidi. Ndiyo maana wengi hutupia magadi. Mimi nimeacha magadi kwa sababu mbili: yana sodiamu, ile ile ya kwenye chumvi ambayo mgonjwa wa presha anakatazwa, na yanaharibu vitamini B1 ya kunde. Badala yake natumia maji ya mvua nikiwa nayo, na sufuria ya presha. Kunde zilizolowekwa zinaiva humo kwa muda wa dakika kumi hivi tangu mvuke uanze kupiga, na gesi ya kupikia haiishi haraka. Asiye na sufuria ya presha aziloweke tu vizuri, afunike, aache moto wa chini ufanye kazi.

Zikishalainika nachota pawa mbili, naziponda kwa mwiko mpaka ziwe uji, nazirudisha. Hapo mchuzi unashika. Ule uzito ambao zamani niliuomba kwa nazi sasa unatoka kwenye kunde zenyewe, na mtu asiyeambiwa atadhani kuna tui.

Kitu cha pili ni moshi. Nyanya na vitunguu nilivyokuwa nakaanga sasa nachoma juu ya makaa hadi ngozi ya nyanya ipasuke na iungue kidogo. Naimenya, naponda pamoja na kitunguu kilichochomwa na pilipili mbuzi, natia kwenye kunde zilizoiva. Harufu yake inajaza uani. Kunde ni zao la Afrika, na zilivuka bahari hadi Marekani pamoja na watu waliouzwa utumwani. Mpaka leo katika majimbo ya kusini ya nchi hiyo watu hula kunde na wali siku ya Mwaka Mpya, chakula wanachokiita Hoppin' John, na asili yake huungwa kwa nyama ya nguruwe yenye mafuta. Wapishi wa huko wanaotaka kupunguza mafuta huondoa nguruwe, wakatia bata mzinga aliyekaushwa kwa moshi au mboga tupu zenye viungo. Nilipolisikia hilo nililielewa mara moja: wanachokitafuta kwenye ile nyama ni moshi na chumvi, na moshi unapatikana bila mafuta. Sisi makaa tunayo.

Sasa nazi. Zamani nilikuna nazi mbili kwa chakula cha watu sita. Siku hizi nakuna nusu ya nazi moja. Tui la pili, lile jepesi, natia pamoja na nyanya za kuchoma liive na kunde. Tui la kwanza halijai hata kikombe, naliacha hadi mwisho kabisa, namimina moto ukiwa mdogo, nakoroga taratibu lisikatike, likianza kuchemka tu naepua. Tui lililotiwa mwisho linanukia. Lililochemshwa tangu mwanzo limekwisha harufu na limebaki mafuta, ndiyo maana zamani ilibidi tuongeze na kuongeza. Siku ya karanga natia vijiko vitatu vikubwa vya karanga zilizokaangwa bila mafuta na kutwangwa, nazo mwishoni, nikizikoroga kwanza na mchuzi kidogo pembeni zisifanye madonge.

Chumvi natia kunde zikiwa zimeiva, nusu kijiko cha chai kwa sufuria nzima. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, na hapo kuna mkate wa asubuhi na mboga ya jioni vinavyosubiri zamu yao. Vile vidonge vya kuungia mchuzi nimeviondoa kabatini, kwa kuwa sehemu kubwa ni chumvi. Mezani kila mtu anakamulia ndimu kwenye sahani yake, na ndimu inafanya ulimi usiidai chumvi. Pia vitamini C yake inausaidia mwili kufyonza madini chuma ya kwenye kunde. Chai ya rangi hufanya kinyume, kwa hiyo nimewaomba wazee wangu waisubirishe kidogo baada ya kula. Hilo mume wangu alilipinga kuliko habari ya mafuta.

Wali ni rahisi. Natumia mchele wa Bahi, mama haupendi mwingine. Maji ya kupikia si ya bomba bali ni yale yaliyochemshia kunde, nachota vikombe viwili kabla sijaziponda, naongezea maji ya kawaida na punje za iliki. Wali unatoka na rangi ya udongo hafifu na ladha ya kunde hadi ndani ya punje. Ukikauka napunguza moto, nafunika, napalia makaa juu ya mfuniko. Hautaki mafuta ili uchambuke, unataka mchele uliooshwa vizuri na maji ya kipimo.

Kipimo cha sahani ndicho kilichobadilika kuliko vyote, na kwa maoni yangu kina uzito kuliko habari yote ya nazi. Tulikuwa tunapakua mlima wa wali na kunde kidogo kandoni. Sasa kunde ni nyingi kama wali au zaidi, na theluthi ya sahani ni mchicha au majani ya kunde na kachumbari. Kunde kavu zina protini kama gramu 23 katika gramu 100, na nyuzinyuzi nyingi zinazofanya mtu akae muda mrefu bila njaa. Mchele mweupe una protini kama gramu 7 na nyuzinyuzi hazizidi sana gramu moja. Tena vinakamilishana, kwa sababu kijenzi cha protini (asidi amino) kilicho haba kwenye mchele kimejaa kwenye kunde, na kilicho haba kwenye kunde kipo kwenye mchele. Kwa nyumba isiyonunua nyama kila siku hilo ni jambo kubwa. Mwenye ugonjwa wa figo aulize kwanza kwa daktari wake, maana kunde zina potasiamu nyingi.

Mama alikula sahani ya kwanza ya namna hii kimya, akauliza nimetumia nazi ngapi. Nikamwambia, "Nusu, Mama." Hakuniamini, akaenda mwenyewe kuangalia kifuu kilichobaki.

Sasa najaribu kubadilisha mchele kwa mtama mweupe uliokobolewa. Unataka kulowekwa, maji zaidi na muda zaidi motoni, na ukiupalia vizuri punje zinabaki na utafunwaji mzuri unaokwenda sana na kunde za karanga. Mume wangu ameupenda kiasi cha kuuomba. Mama anasema mtama ameula tangu utoto, na kwamba uzeeni anataka wali wake. Kwa hiyo siku hizo zinapanda sufuria mbili, ya mtama na ndogo ya mchele wa Bahi.