Mama mkwe wa kwenye tivii na Boli Zozo

Nyumbani kwetu Uyole, Mbeya, kulikuwa na mtu ambaye hakutakiwa kutajwa wakati wa kula, na wala hakuwa ndugu yetu wala jirani, alikuwa mama mkwe wa kwenye tamthilia. Jina lake sitaliandika hapa kwa sababu mwenyewe aliniomba nisitangaze mambo yake na mi nilimwahidi, ila wale waliokuwa wanaangalia tamthilia za kibongo miaka ile watajua tu ni nani. Hakuwahi kuwa sterling hata siku moja. Yeye alikuwa mama mkwe, au mwenye nyumba anayetupa vitu vya mpangaji nje, au shangazi anayekuja msibani kuulizia shamba, dakika zake tano tu kwenye kila kipande na ukimaliza kuangalia ni yeye unayemkumbuka.

Mama yangu alimchukia, na sisemi chuki ya utani. Akitokea tu mama anaweka mwiko chini anasema "haya, mwanga kaja". Kuna kipindi sokoni kulikuwa na mama mmoja muuza nyanya amefanana naye kidogo, basi mama akawa anapita meza tatu mbele kwenda kununua nyanya mbaya kwa bei ile ile, ukimuuliza anakwambia roho yake haitaki.

Sasa twende kwenye siku yenyewe. 13 Aprili 2014, Jumapili, tena Jumapili ya Matawi, nakumbuka kwa sababu kwenye Hiace tuliyopanda na binamu yangu kwenda mjini nusu ya abiria walikuwa wameshika matawi ya kanisani na nusu wamevaa jezi za zambarau, kuna mzee mmoja alikuwa na vyote viwili. Wa Mbeya mnaukumbuka msimu ule. Mbeya City ndiyo imepanda daraja, timu ya Halmashauri ya Jiji, kocha Juma Mwambusi, hakuna aliyeitegemea, halafu Yanga anakuja uwanja wetu wa Sokoine anaondoka na sare ya 1-1, Simba naye anakuja 1-1. Mji mzima ulikuwa Koma Kumwanya, ile kauli ya mashabiki wa City, mpaka bibi kizee wa Igawilo ambaye hajui mpira una wachezaji wangapi anakuuliza City wanacheza lini. Siku hiyo anakuja Azam, hajafungwa mechi hata moja msimu mzima, na akishinda anachukua ubingwa palepale kwetu. Sisi ubingwa ulikuwa umeshatupita, ila kuuangalia ukibebwa sebuleni kwako, hapana bwana, hiyo ilikuwa inauma.

Tulikaa mzunguko, upande ambao ukiinua macho unaona mlima Loleza umejifunika wingu, dalili ya mvua kabisa, na hatukuwa na mwamvuli. Mpira ukaanza. Kama dakika kumi hivi mshika kibendera wa upande wetu akanyoosha kibendera, straika wetu kaotea, na nyuma yangu kabisa ikatoka sauti:

"Wewe kibendera! Unaangalia nini huko, kuna mkweo amekaa jukwaani?"

Watu wakacheka. Mi sikucheka, mi mgongo uliingia baridi. Ile sauti naijua, ile sauti imeshamfukuza mkwe usiku na mtoto mgongoni, sauti nyembamba inayoanza chini halafu inapanda mwishoni kama mtu anakuvuta sikio. Binamu akanigusa goti akaninong'oneza "oya, usigeuke, ni yule mchawi". Nikageuka.

Alikuwa mdogo kuliko tivii inavyomwonyesha. Kitenge, raba nyeupe zimeshachakaa, sweta la sufu la zambarau la kufuma kwa mkono ambalo naamini alilifuma mwenyewe kwa sababu mkono mmoja ulikuwa mrefu kuliko mwenzake. Pembeni kikapu chenye chupa ya chai. Na mapajani, hiki ndicho kilichonichanganya, kaunta buku, ile kubwa kwire tatu, imepigwa mistari kwa rula na penseli, dakika huku, jina huku, tukio huku, na biki imefungwa kwa uzi kwenye jalada kama zile za ofisini zisiibiwe. Anaandika bila kuangalia daftari, macho yapo uwanjani.

Nikasema shikamoo mama. Akajibu "marahaba mwanangu" bila kunitazama, halafu akaongeza, "kibendera alikuwa sahihi, aliotea kweli, ila lazima umkumbushe kwamba tupo."

Nikamuuliza, kwa adabu zote, kwa nini hakai jukwaa kuu, maana mtu kama yeye pale mlangoni wangempisha tu. Akasema kule wanakaa waliokuja kuonekana, na yeye kuonekana anaonekana kazini, hapa amekuja kuona. Basi. Akarudi kwenye daftari lake.

Kumbe ni mtu wa Rungwe. Amezaliwa huko kwenye migomba, baba yake alikuwa na redio ya mkulima lakini muda wa mpira mara nyingi mzee yupo shamba, sasa kazi ya huyu binti ilikuwa kukaa na redio, kusikiliza Radio Tanzania, na baba akirudi amweleze mechi nzima, siyo matokeo tu, mechi nzima, nani kampa nani, nani kakosa, mtangazaji alipiga kelele kiasi gani. Ndiyo akaanza kuandika maana akisahau kitu mzee ananuna. Na kuelezea ilikuwa lazima asimame, awe golikipa, awe refa, awe mtu aliyevunjika mguu. Mi nilimwambia basi hapo ndipo uigizaji ulipoanzia, akanikatalia, akasema uigizaji alianza kwa sababu ya njaa Dar es Salaam, nisimtungie historia.

Ila alipofika kwenye Tukuyu Stars alifunga kaunta buku kabisa, na mpira ulikuwa unaendelea. Vijana wa sasa hawajui, nilikuwa sijui na mimi. Mwaka 1986 Tukuyu Stars, Banyambala wenyewe, timu ya kwenye mvua na matope ya Rungwe, imepanda daraja na ikachukua ubingwa wa Tanzania Bara. Imepanda na imechukua, hakuna cha Simba wala Yanga. Aliniambia daftari la mwaka ule analo mpaka leo, amelifunga na nailoni, na kwamba nyumba ikiungua atatoka nalo kwanza halafu ndiyo arudie vyeti. "Sasa gwe," akaniambia, "nikasikia Mbeya kuna timu imepanda juzi tu na inawasumbua wale wakubwa, ningekaa Dar nafanya nini?" Kila akipata nafasi kazini anapanda basi, anaangalia mechi, anageuza. Kwenye kampuni wanadhani anakuja kuuguza ndugu. Ndiyo maana hataki kutangazwa.

Karibu na mapumziko Gaudence Mwaikimba akatufunga. Uwanja kimya, unasikia mpaka wale mashabiki wachache wa Azam kule ng'ambo. Yeye akaandika tu, mwandiko ule ule, dakika, jina, goli, na pembeni akaweka kamstari kadogo. Nikamuuliza kamstari ka nini. "Kosa letu, siyo uhodari wao. Ukiwa uhodari wao naweka nyota." Tukatazama daftari wote watatu. Mechi ile mpaka muda huo nyota zilikuwa mbili, zote za City, alikuwa na upendeleo huyo mama asikwambie mtu.

Mapumziko manyunyu yakaanza, tukanunua mahindi ya kuchoma, akatumiminia chai kwenye kifuniko cha chupa tukawa tunapokezana. Binamu ambaye mpaka hapo hajaongea neno, anamwogopa tangu darasa la nne, akapata ujasiri sijui kutoka wapi akauliza, mama, hivi pale kwenye kipande mwanao alipokufa ulilia vile kwa kitunguu au? Maana hicho kipande bwana, hicho ndicho pekee ambacho mama yangu alimsamehe. Anakaa chini kwenye mkeka, halii kwa sauti, midomo tu inatetemeka halafu machozi yanashuka kimya kimya mpaka kwenye kidevu, mama siku ile alilia akazima tivii akaenda kulala na jua halijazama vizuri.

Akacheka, kicheko tofauti kabisa na kile cha kwenye tivii, hiki cha kawaida cha mama wa Kinyakyusa, cha kupiga paja. Akasema kitunguu kinamuumiza macho hakimtoi machozi. Yeye akiambiwa lia, anamfikiria Boli Zozo.

Mi na binamu tukaangaliana. Nani?

Basi akatusimulia. Mwaka 1993 Simba wameingia fainali ya Kombe la CAF, wamekwenda Abidjan kucheza na Stella wametoka 0-0, kwa hiyo hapa nyumbani kazi imebaki nusu, nchi nzima imeshachukua kombe mdomoni, Rais Mwinyi mwenyewe yupo uwanjani. Yeye siyo Simba, siyo Yanga, yeye ni Banyambala mpaka kaburini, lakini siku hiyo anasema kila mtu alikuwa Simba, na alikuwepo palepale, amebanwa kwenye watu mpaka kiatu kimoja kikapotea. Boli Zozo akafunga. Halafu Boli Zozo akafunga tena. 0-2, kombe likaondoka na wageni. "Lile la kwanza," anasema, "unakuwa bado una matumaini, unalia huku unaangalia saa. Lile la pili ndiyo unakaa chini." Kwa hiyo dairekta akitaka kilio cha kawaida, cha kusingiziwa wizi au kufukuzwa, anafikiria bao la kwanza. Akitaka kilio cha msiba, anafikiria la pili. Miaka yote hiyo. Watu wanampa pole barabarani kwa mtoto aliyemfia kwenye tamthilia na yeye anapokea, anasema asanteni, kazi ya Mungu.

Nilitaka kucheka nikashindwa maana alipokuwa anasema lile la pili midomo ilianza kutetemeka vilevile, nakuapia, ile ile.

Kipindi cha pili Mwagane Yeya akasawazisha. Sijui niielezee vipi. Sokoine ilipasuka, chai ilimwagika kwenye kaunta buku, yeye kamkumbatia binamu yangu kamnyanyua, yaani kadude kale kembamba kamenyanyua dume la kilo sabini, na binamu anasema baadaye kwamba kwa sekunde moja aliamini anarogwa. Kisha akakaa chini ghafla, akakausha ukurasa kwa pembe ya kitenge, taratibu, anaupuliza, akaandika Yeya. Akaweka nyota tatu.

Na tangu hapo kazi yake ikawa moja, kumpigia kelele beki wetu amwangalie Bocco. "Huyo mrefu! Usimwache huyo mrefu!" Watu waliokuwa mbele wakaanza kumgeukia wamechoka, kijana mmoja akamwambia mama tulia wanamwona. Hawakumwona. Zimebaki dakika chache John Bocco akafunga, 2-1, na ndiyo mpira ukaisha hivyo. Azam bingwa, mara yao ya kwanza, na ndiyo timu ya kwanza nje ya Simba na Yanga kuchukua tangu Mtibwa mwaka 2000. Msimu ulipokwisha walikuwa na pointi 62 na hawajafungwa mechi hata moja katika 26. Sisi tukamaliza wa tatu, juu ya Simba, ila jioni ile hayo hayakumsaidia mtu.

Watu wakaanza kutoka. Yeye akasimama akawapigia Azam makofi, peke yake upande wetu, kuna mtu alimzomea. Akamjibu kwa ile sauti, ile ya tamthilia, "wewe, aliyekushinda kwako mpe maji ya kunywa aende," yule mtu akanyamaza kama kamwagiwa maji yeye. Nikaomba picha. Akakubali moja tu, simu yangu ya kichina, giza linaingia, mvua, nikatoka na picha ya sweta la zambarau na kitu kama mkungu wa ndizi pale kwenye kichwa. Akafunga kikapu chake, akasema ndaga fijo wanangu, yaani asanteni sana, akashuka ngazi anaangalia asiteleze, kesho yake alikuwa na basi la kurudi Dar.

Nyumbani nikamweleza mama kila kitu, nikamwonyesha na picha. Mama akaangalia picha, akaangalia mimi, akasema umekunywa. Binamu akaapa, mama akasema mmekunywa wote. Yale ya Tukuyu Stars aliyakubali, baba yake mwenyewe alikuwa akiimba Banyambala, ila ya Boli Zozo aliyakataa katakata, akasema hakuna mwanamke anayelilia mpira, na kwamba namharibia kile kipande chake.

Ikapita kama wiki tatu hivi. Jioni tumekaa, mahindi yapo jikoni, tamthilia inaendelea, na yule mama mkwe sasa zamu yake ya kupata matatizo, nyumba inapigwa mnada. Anakaa chini kwenye ngazi. Midomo inaanza kutetemeka. Mi nikaangalia dari kwa sababu nilijua nikimtazama binamu tutacheka na mama atatufukuza. Kimya sebuleni, kimya kabisa. Nikamsikia mama anavuta kamasi, anajifuta na ncha ya kitenge, halafu bila kutoa macho kwenye tivii akauliza kwa sauti ya chini:

"Hapo ni la kwanza au la pili?"