Anatamka kila neno, lakini hajasoma

Mpwa wangu alihamia kwangu Nkuhungu, hapa Dodoma mjini, alipoingia darasa la tatu. Jioni ya kwanza nilimwandikia sentensi moja kwenye karatasi nikamwomba aisome. Aliweka kidole chini ya silabi ya kwanza, akaitamka, akasogeza kidole, akatamka nyingine: "Ma-ma a-li-po-fi-ka so-ko-ni Ma-je-ngo, a-li-wa-ku-ta wa-u-za-ji wa-ki-fu-ni-ka nya-nya kwa tu-ru-ba-i." Hakukosea hata silabi moja. Kisha akainua uso na kusema, "Mjomba, nimemaliza." Nilipomuuliza wauzaji walikuwa wakifanya nini, aliirudia karatasi na kuanza upya kabisa: "Ma-ma a-li-po..."

Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa. Irabu zetu ni tano tu na silabi nyingi huishia kwa irabu, hivyo mtoto aliyekwisha kuzishika silabi anaweza kutamka hata neno ambalo hajawahi kulisikia maishani mwake. Hiyo ni neema kubwa, ila ndiyo inayotudanganya sisi walezi, kwa sababu tukimsikia mtoto akitamka tunasema KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) ameimaliza, tunamsifu, tunarudi kwenye shughuli zetu, na hatumuulizi alichokisoma.

Mwaka 1974 watafiti wawili wa Marekani, David LaBerge na Jay Samuels, walieleza jambo ambalo nililiona waziwazi kwenye kidole cha mpwa wangu: uangalifu wa msomaji una kikomo, na ukitumika wote katika kuyatambua maneno, haubaki wa kutafuta maana. Maneno yakishatambulika yenyewe bila jitihada, uangalifu huo huachiliwa ukafanye kazi yake. Kwa Kiswahili naona mzigo ni mzito zaidi kwenye kitenzi. Katika "walipowakaribisha", anayesoma silabi moja moja lazima abebe "wa", "li", "po" na "wa" nyingine kabla hajafikia kitendo chenyewe, na akifika mwisho, waliokaribisha na waliokaribishwa wamekwisha kuchanganyika kichwani.

Kwa hiyo nilianzia kwenye vitenzi. Nilikata kalenda ya zamani vipande vipande, nikaandika nyuma yake "ali", "wali", "tuli", "alipo", "walipo", "hawaku", na kwenye vipande vingine nikaandika "fika", "soma", "lima", "cheka". Mchezo ulikuwa kuunganisha vipande viwili na kulisoma neno kwa mkupuo mmoja, bila kulikatakata, kisha kunionyesha kwa vitendo maana yake. Nilitaka jicho lake lizoee kuiona "walipo" kama kitu kimoja, jinsi sisi tunavyoitambua sura ya jirani bila kuhesabu pua na masikio.

Baada ya hapo tulihamia kwenye kusoma kwa kurudia, njia ambayo Samuels huyohuyo aliieleza mwaka 1979, nayo haihitaji gharama yoyote. Kila baada ya chakula cha jioni tulichukua habari fupi, maneno sitini au themanini hivi. Kwanza niliisoma mimi kwa mwendo wa kawaida, naye akifuata kwa macho, tukaisoma pamoja, kisha akaisoma peke yake mara mbili au tatu. Habari hiyohiyo tulikaa nayo siku tatu. Mama yake, nilipomweleza kwa simu, alihofu kwamba mtoto ataikariri tu. Hofu hiyo ina msingi, na dawa yake niliyoiona ni kuyapeleka maneno yaleyale kwenye habari nyingine siku ya nne. Akiyasoma huko bila kukwama, hajakariri.

Kosa kubwa lilikuwa langu. Niliwasha saa ya simu ili nimpime maneno kwa dakika, na ndani ya wiki moja kijana alikuwa akikimbia kama basi la mikoani, anameza miisho ya maneno, "alikula" inakuwa "alikuja", na nukta zote anazipita bila kupunguza mwendo. Niliizima saa. Hata vipimo vya wenzetu wa Kiingereza havihamishiki kwetu hivihivi, kwa maana "hawakutusikiliza" kwetu ni neno moja, na kwao ni maneno matano au sita.

Badala ya saa tuliingiza sauti. Kiswahili kina tabia moja ambayo sikuwahi kuitilia maanani: "Babu amekula." na "Babu amekula?" zina maneno yaleyale, kwa mpangilio uleule, na kinachozitofautisha ni sauti ya msomaji. Mtoto hawezi kuipandisha sauti mahali panapostahili kama hajaelewa kwamba pale pana swali, na kwa hiyo sauti yake ikawa kipimo changu. Nilimwambia asome kama mtangazaji wa taarifa ya habari, jambo lililompendeza mno, hata akawa anaanza kwa kusafisha koo.

Niseme pia kwamba wepesi wa kusoma hauwezi kuziba pengo la msamiati. Aliwahi kusoma vizuri kabisa habari ya mvuvi na ngalawa yake, kisha akaniuliza kama ngalawa huliwa. Huyu ni mtoto anayeujua mbuyu, uwele na zabibu, na bibi yake huko Chamwino huzungumza naye Kigogo. Bahari ameiona kwenye picha. Siku hizi maneno ya aina hiyo tunayazungumza kabla ya kufungua ukurasa.

Juzi nilimwandikia kisa cha mbuzi aliyekula daftari. Mwisho wake ulikuwa hivi: "Mwalimu alipomuuliza mbuzi lilipo daftari, mbuzi alimtazama, akatafuna kidogo, akajibu: Mee!" Hakuwa amewahi kukiona. Alisoma kwa sauti ya mtangazaji mpaka kwenye "akatafuna kidogo", hapo akaanza kucheka, na neno la mwisho likamshinda kulitamka.