Kurudi kwenye nyumba ya mlimani wakati wa theluji, ukiwa na mbwa

Ukifika, mbwa wabaki garini kwanza. Watalia, na wewe mwenyewe una hamu ya kuingia ndani baada ya miaka mingi ya kutokuwepo, lakini ulipokuwa mbali panya walikuwepo, na aliyefunga nyumba huenda aliwawekea sumu. Tafuta vibonge vya rangi kali nyuma ya makabati, chini ya ngazi na stoo. Okota kila kimoja kwa glavu, pamoja na mizoga ya panya. Sumu nyingi za namna hii huzuia damu kuganda, na mbwa aliyekula leo anaweza kuonekana mzima siku 3 hadi 5, ndipo fizi zipauke, akohoe na kulegea. Ukishuku amelamba hata kidogo, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Angalia pia dumu la kulanti, yaani kimiminika cha kupoza injini ya gari, lililosahaulika bandani. Kulanti yenye ethilini glaikoli ina ladha tamu, mbwa huipenda, na kiasi kidogo tu huua figo. Dalili ya mwanzo ni kuyumba kama mlevi.

Kinyesi cha panya usikifagie kikiwa kikavu, kwa sababu vumbi lake hubeba maradhi. Fungua madirisha nusu saa, lowesha kwa maji ya klorini, subiri dakika 5, ndipo ufute.

Sasa jiko. Dohani iliyokaa miaka bila moto hupata viota vya ndege, kwa hiyo ichungulie kwa tochi na kioo kabla ya kuwasha kiberiti. Ukiona utando mweusi unaong'aa kama lami, huo nao huwaka. Hata ukiwa mwembamba, usiwashe moto mpaka fundi wa dohani auondoe, kwani brashi ya kawaida haiutoi. Masizi ya kawaida yakifikia unene wa milimita 3, dohani isuguliwe kwa brashi kwanza. Moshi ukirudi sebuleni mara ya kwanza, mara nyingi ni hewa baridi iliyojaa dohani inayousukuma chini. Sokota gazeti, lichome karibu na tundu la dohani dakika moja au mbili mpaka uone mwali unavutwa juu, ndipo uwashe kuni. Kuni za zamani zipime kwa kugonganisha mbili: kavu hulia kwa mlio mkali, zenye maji hutoa mlio mzito, na ukiziwasha hutoa povu vichwani. Zilizo nyepesi kupita kiasi zimeoza. Kengele ya kaboni monoksaidi iwekewe betri mpya usiku wa kwanza, si kesho, maana gesi hiyo ya sumu itokayo kwenye moto haina rangi wala harufu.

Maji ndiyo huwaponza wengi. Bomba lililopasuka kwa barafu halivuji mpaka barafu iyeyuke, kwa hiyo nyumba ikianza kupata joto ndipo dari hulowa. Ipashe nyumba joto siku nzima koki kuu ikiwa imefungwa. Kisha ifungue robo tu, upite ukipapasa bomba kwa mkono, kiungo kwa kiungo. Palipoganda payeyushe kwa draya ya nywele au taulo za moto, ukianzia upande wa bomba la kufungulia maji na kurudi nyuma, ili maji yaliyoyeyuka yapate pa kutokea. Moto wa wazi usiusogeze hapo kabisa.

Kwa muda huo utayeyusha theluji. Ndoo ya lita 10 ya theluji laini hutoa takribani lita moja tu, na mbwa wa kilo 25 huhitaji zaidi ya lita moja kwa siku. Mimina kikombe cha maji ndani ya sufuria kwanza, la sivyo theluji itaungua na maji yatanuka moshi. Usimwachie mbwa ale theluji badala ya maji, inampotezea joto la mwili. Bakuli la nje liwe la mpira, kwani ulimi wenye mate hunata kwenye chuma kilichoganda.

Asubuhi kabla ya kuwafungulia, tazama uzio. Upepo ukirundika theluji ya sentimita 80 ubavuni mwake, uzio wa mita 1.2 umebaki sentimita 40, na mbwa ataupita akitembea tu. Chimba mtaro kandokando yake. Chini ya mwisho wa paa asifungwe mbwa wala kibanda kisikae hapo, maana theluji ya paa hushuka yote kwa mkupuo. Ndani ya kibanda tandika mabua makavu ya ngano. Blanketi hunyonya unyevu wa pumzi na kuganda.

Mtazame mgongo mbwa anaposimama nje. Theluji ikikaa juu ya manyoya bila kuyeyuka, joto lake halivuji. Ikiyeyuka na kumlowesha, manyoya yake hayajatosha. Aliyetoka nchi ya joto huhitaji wiki kadhaa kuotesha manyoya ya ndani, kwa hiyo mwanzoni dakika 10 nje zinatosha. Nywele kati ya vidole zikatwe zilingane na nyayo, vinginevyo theluji hujikunja humo kuwa vidonge vigumu kama kokoto vinavyotanua vidole na kuchubua ngozi. Usiving'oe, viyeyushe kwa maji ya uvuguvugu, ukaushe vizuri. Ncha za masikio na mkia zishike kila mnaporudi. Zikiwa baridi, ngumu na zimepauka, zipashe kwa upole kwa kitambaa chenye uvuguvugu, bila kusugua.

Na mnapokuwa matembezini, mbwa akianza kuinua miguu kwa zamu, huu mmoja, kisha ule, geuzeni hapohapo mrudi.