Mama mdogo mbele ya picha ya Bramley

Mwaka ule nilikuwa nasoma historia ya sanaa London, na kazi ya muhula ilikuwa kuchagua picha moja ya rangi za mafuta ya enzi za Malkia Victoria, kukaa mbele yake, kisha kueleza imechorwaje na inamtia mtazamaji hali gani. Nilichagua "A Hopeless Dawn" ya Frank Bramley, ya mwaka 1888, iliyo mali ya Tate, jumba la sanaa la huko huko London. Mama mdogo alikuwa amekuja kututembelea kutoka Moa, kule Tanga kaskazini, na sikutaka kumwacha nyumbani peke yake na baridi ile. Tukaenda wote, yeye amevaa makoti mawili, la kwangu juu ya lake.

Picha yenyewe ni kubwa, upana wake unapita mita moja na nusu. Ni chumba cha mvuvi huko Newlyn, kijiji cha pwani ya Cornwall, kusini magharibi kabisa mwa Uingereza. Kunapambazuka. Mke kijana ameporomoka sakafuni, kichwa mapajani mwa mama mkwe wake aliyeketi karibu na dirisha. Nje bahari imechafuka. Mume hajarudi.

Nikaanza kumwaga elimu. Nikamweleza kuwa Bramley alisomea Antwerp, Ubelgiji, kabla ya kuhamia Newlyn katikati ya miaka ya 1880, na kwamba wachoraji wa pale walivutiwa sana na mchoraji Mfaransa Jules Bastien-Lepage. Walitumia brashi bapa yenye ncha ya mraba, wakapaka rangi kwa mapigo mafupi mapana bila kuyafuta yasionekane. Nilimsogeza karibu ajionee. Ukiwa hapo karibu, mbao za sakafu si mbao. Ni vipande vya kijivu, vya samawati iliyofifia, vya rangi ya maziwa, vimelala ubavu kwa ubavu. Rudi nyuma hatua chache, vinashikana na kuwa sakafu iliyopigwa deki mpaka ikachakaa. Watu nao hawakuzungushiwa mstari mkali. Kingo za nguo zao zinayeyuka ndani ya chumba, na ndiyo maana majonzi hayakai kwenye nyuso tu, yametapakaa kila mahali. Halafu kuna mianga miwili inayogombana, wa mshumaa wenye umanjano na wa dirishani wenye ubaridi. Wa dirishani unashinda. Kwa kawaida kukicha ni nafuu. Hapa mchoraji ameigeuza alfajiri kuwa adui, na huo kwangu ndio ufundi hasa wa picha hii.

Mama mdogo alinisikiliza kwa adabu. Kisha akauliza, "Meza imeandikwa kwa ajili ya nani?"

Kweli, kuna meza yenye kitambaa cheupe na mkate. Mwalimu wetu alikuwa ametuambia tuitazame kama madhabahu: kitambaa, mkate, mshumaa, na Biblia iliyofunguliwa pale karibu. Sipingi, ishara hizo ziko wazi, na hata jina la picha limetoka kwenye maandishi ya John Ruskin, mhakiki wa sanaa wa Kiingereza, yaliyojaa Injili. Lakini Mama mdogo alikuwa akitazama chakula.

"Cha mume," nikamjibu.

"Basi na wao hawajala. Wamekesha." Akasogea tena, mikono nyuma. "Na majirani wako wapi?"

Sikumwelewa. Akanieleza polepole, kama anayemweleza mtoto wa mjini. Marehemu mumewe alikuwa mvuvi wa jarife, wavu mkubwa wa baharini. Alikufa kitandani, mzee, lakini kabla ya hapo Mama mdogo alikesha sana akimngoja, hasa miezi ya kusi. Chombo kikichelewa, unakesha wewe na mkweo, basi. Habari mbaya ikishafika, nyumba haibaki hivi: mikeka imetandikwa, wanawake wamejaa mpaka uani, kuna mtu anachochea moto wa chai. "Hapa wako wawili, mwanangu. Hawa hawajaambiwa kitu bado. Huyu mdogo amejiambia mwenyewe. Huyu mkubwa anajua kuwa asubuhi haijaisha."

Nilirudi kwenye daftari langu. Nilikuwa nimeandika kwamba eneo lile pana la sakafu tupu mbele ya wanawake lipo ili mchoraji aonyeshe umahiri wa brashi. Nikaikata sentensi hiyo. Sakafu ile ni nafasi ya watu ambao hawajaja. Ukiisoma hivyo, picha haielezi msiba. Inaeleza saa zilizotangulia msiba, wakati hakuna wa kumpa pole mtu kwa kuwa hakuna aliyethibitisha lolote. Nadhani hapo ndipo uhalisia wa Bramley ulipo, zaidi ya kwenye mbao zilizochorwa vizuri.

Tulipokuwa tunatoka Mama mdogo alitaka kujua kama wale wanawake walilipwa. Nikamwambia ndiyo, wachoraji wa Newlyn waliwalipa wenyeji wakae wachorwe. "Na yule aliyelala chini, alilala hivyo mchana kutwa?" Nikasema huenda siku nyingi. Akacheka mpaka mlinzi akageuka. "Basi na kilio kile ni kibarua."

Hilo nalo nililiandika, kwa maneno ya heshima zaidi. Mwalimu aliniandikia pembeni kwamba nimehamishia Cornwall desturi za Tanga. Sehemu yake ana haki: sina ushahidi kuwa Bramley aliwaza majirani. Lakini alikaa miaka kadhaa katika kijiji cha wavuvi, na mtu aliyechunga mshumaa kwa makini vile hangeshindwa kuchora jirani mmoja mlangoni, kama angemtaka. Nilimjibu hivyo kwa maandishi, na ile aya nikaiacha kama ilivyo.