Nimemaliza shahada ya sheria, na kazi yangu ni ile ile

Jumanne usiku nilifungua simu nikaona somo la mwisho nimefaulu. Wanangu walikuwa wamelala na umeme ulikuwa umekatika tangu saa mbili. Nililia kidogo, nikamshukuru Mungu, nikarudi kukunja nguo. Kulipokucha habari ilikuwa imeshatangulia sokoni. Mama wa genge la nyanya alikataa hela yangu akaniita wakili, na vijana wa bodaboda pale kituoni wakadakia hivyo hivyo: "Wakili, tunakupeleka bure leo."

Mimi si wakili. Mimi ni msaidizi wa kisheria hapa Kilosa tangu mwaka 2018, na nimesoma shahada nzima ili niwe msaidizi wa kisheria aliye bora zaidi. Nimelisema hili mara nyingi wiki hii hadi mdomo umechoka, ndiyo maana naliandika.

Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 ndiyo iliyotupa jina na mipaka. Tunaelimisha watu haki zao, tunawaonyesha ni chombo gani kinashughulikia shida yao, tunawasaidia kupata nyaraka, na panapowezekana tunawapatanisha. Haturuhusiwi kumtoza mtu tunayemsaidia, wala kufanya kazi ya uwakili. Na wala sheria hiyo haikunidai shahada. Nilipoanza nilikuwa na mafunzo ya wasaidizi wa kisheria na cheti changu cha kidato cha nne, nikapewa meza kwenye chumba kimoja cha ofisi ya kata, na watu wakaanza kuja siku hiyo hiyo.

Kilichonipeleka kusoma shahada ni kosa langu mwenyewe.

Mwanzoni mwa mwaka 2022 alikuja mama mmoja mjane. Shemeji yake alikuwa ameuza ekari moja na nusu ya shamba la marehemu, upande wa bondeni ambako mpunga unakubali. Mama alikuwa ameshafika baraza la kata, wazee wakasikiliza pande zote, wakamwandikia karatasi yenye muhuri na neno HUKUMU juu kabisa, kwa herufi kubwa, ikisema shamba lirudi kwake. Aliitoa kwenye bahasha ya kaki aliyokuwa ameifungia kwenye mfuko wa nailoni ili isilowe. Nikaisoma, nikampa mkono wa pongezi. Nikamwambia, "Mama, haki yako umepata. Itunze karatasi hii."

Akaitunza kweli. Aliiweka kwenye sanduku miezi mitano, akisubiri mnunuzi aondoke kwa hiari yake. Mnunuzi akalima, akapanda, akavuna. Mama alipokwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya kuomba utekelezaji, karani aliisoma ile karatasi, akaikunja vizuri, akamrudishia. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa, na mabaraza ya kata yakaondolewa mamlaka ya kuamua migogoro ya ardhi. Yamebaki kusuluhisha tu, na yakishindwa yanatoa hati kwamba usuluhishi umeshindikana, ndipo mtu aende wilayani. Siku thelathini zikipita bila suluhu, anaweza kwenda hata bila hati hiyo. Ile hukumu aliyoilalia miezi mitano haikuwa hukumu.

Alirudi ofisini kwangu. Hakunifokea. Aliketi, akaweka bahasha mezani, akasema, "Mwanangu, ulinipa mkono." Basi. Maneno hayo matatu nimeyabeba mpaka leo.

Mwaka huo huo nikajiandikisha Chuo Kikuu Huria cha Tanzania. Nilikuwa na stashahada ya sheria niliyoisoma polepole huku nikifanya kazi, kwa hiyo mlango wa shahada ulikuwa wazi. Nilichagua Huria kwa sababu nisingeweza kuacha watoto, duka langu dogo la daftari na kalamu, na watu wa kata. Mtu anasoma alipo, kwenye kituo cha mkoa anakwenda pale inapobidi. Nimepanda basi la Kilosa kwenda Morogoro mjini alfajiri nyingi, kwa njia ya Rudewa na Dumila, vitabu mapajani, nikisoma mpaka mwanga wa nje unishinde. Ada ilitoka kwenye mchezo wa kupeana hela na kwenye kikoba chetu. Wenzangu wa kikoba, kama mnasoma hapa, hamjui mlivyonibeba.

Muhula ulioniumiza na kunifundisha zaidi ni ule wa mwenendo wa madai, yaani taratibu za kesi. Nilidhani nitakuta mambo ya fomu na tarehe, kitu kikavu. Nikakutana na kesi ya yule mama, karibu kila ukurasa. Anayeweza kudai mali ya marehemu mbele ya mahakama au baraza ni msimamizi wa mirathi. Yule mama hakuwa msimamizi. Hakuna aliyefungua mirathi, si yeye, si shemeji. Kwa hiyo hata kama baraza la kata lingekuwa na mamlaka, mlango wa kwanza alipaswa kubisha Mahakama ya Mwanzo, akiwa na cheti cha kifo na muhtasari wa kikao cha ukoo. Nilifunga kitabu nikatoka nje usiku ule. Kumbe nilikuwa nimempoteza njia mara mbili, na la pili yeye wala mimi hatukuwa tumelijua.

Huku kwetu mirathi inaeleweka vibaya sana. Mtu akiteuliwa msimamizi anarudi nyumbani akidhani amerithi. Anabadilisha kufuli. Kazi ya msimamizi ni kukusanya mali, kulipa madeni, kugawa kwa warithi, na kurudi mahakamani na orodha na hesabu. Siku hizi naanza na hilo kabla sijapokea karatasi yoyote, na nalirudia mpaka aliye mbele yangu anieleze yeye mwenyewe kwa maneno yake.

Halafu kuna Bi Hawa Mohamed. Kila mwanafunzi wa sheria Tanzania anamjua, na kila mwanamke anayekuja kwangu na shauri la talaka amefaidika naye bila kumjua. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, Jaji Mkuu akiwa Francis Nyalali, ilisema kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa, chini ya kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Kupika, kulea, kuweka nyumba. Nilijua kanuni hiyo tangu mafunzo ya mwanzo, tulifundishwa kama mstari mmoja. Niliposoma hukumu yenyewe ndipo nikajua kwamba Bi Hawa hakuondoka na kitu. Mahakama iliona shilingi 18,000 alizokuwa ameshapewa na mume zimetosha sehemu yake, na kwamba alizitumia ovyo. Rufaa yake ikakataliwa. Amewafungulia wenzake mlango, yeye akabaki nje. Nimekaa na mama huyo moyoni muda mrefu, na nadhani ndiyo sababu siku hizi simwahidi mtu ushindi hata kanuni ikiwa upande wake.

Jambo jingine ni lugha. Nimesoma sheria kwa Kiingereza, nimefanya mitihani kwa Kiingereza, halafu nakwenda mezani kuongea na mkulima kwa Kiswahili, na mara nyingine mtu ananiletea mjukuu amtafsirie kutoka Kikaguru. Tangu mwaka 2021 sheria inatamka kwamba lugha ya mahakama ni Kiswahili, na nimefurahi, lakini vitabu havijafika huko bado. Kwa hiyo nilijiwekea daftari. Kila dhana niliyojifunza niliiandika upya kama vile namweleza mama wa nyanya. Mzigo wa kuthibitisha ulikuwa rahisi, watu wanaujua: anayedai ndiye alete. Ukomo wa muda ulinisumbua. Mtu haelewi kwa nini haki iwe na tarehe ya mwisho. Nikawa nawaambia ni kama mbegu ya mpunga, unayo mkononi, ni yako, lakini masika yakipita hutaipanda. Wanaelewa hapo hapo, na wengi wananyamaza, kwa sababu kila mmoja ana jambo alilolichelewesha.

Wapo wanaoniuliza nitakwenda lini kusoma uanasheria kwa vitendo niapishwe kuwa wakili, na jibu langu ni hili. Nawaheshimu mawakili na nawahitaji. Kila mwezi kuna shauri ninalolipeleka kwao. Ila watu ninaowahudumia wengi wanapoteza shauri kabla wakili hajalisikia. Wanalipoteza kwenye kijiwe, kwa kishoka anayewaandikia barua ya elfu kumi kwenda ofisi isiyohusika. Wanalipoteza kwa karatasi iliyokaa sandukuni. Wanalipoteza kwa mtu kama mimi aliyewapa mkono bila kujua. Hapo ndipo ninapotaka kukaa, nikiwa najua ninachosema.

Yule mama alirudi kwangu mwaka wa kwanza wa masomo, nami nikamwomba radhi kwanza kabla ya yote. Tulianza upya. Mirathi Mahakama ya Mwanzo, yeye akateuliwa. Kisha kata kwa usuluhishi, shemeji hakutokea mara zote mbili, hati ikatoka. Kisha wilayani. Huko ameitwa na kuahirishiwa mpaka kiatu kimeisha soli.

Ijumaa iliyopita hukumu ilisomwa. Haikuwa upande wake.

Alikuja moja kwa moja kutoka barazani, hajapita nyumbani, saa tisa na nusu, khanga imejaa vumbi la njiani. "Shikamoo, mama." "Marahaba, mwanangu. Wameisoma leo. Nimekumbuka ulivyosema, nisilale nayo." Nilimpa maji. Sikumwambia atashinda Mahakama Kuu, kwa sababu sijui. Tuliandika barua ya kuomba nakala ya hukumu, akaweka dole gumba. Nikatoa kalenda ukutani, ile ya kampuni ya mbegu, tukaanza kuhesabu pamoja siku arobaini na tano za kukata rufaa, yeye akihesabu kwa sauti na mimi nikigusa kila kisanduku kwa kalamu. Tulipofika ya mwisho akaniambia niizungushie duara kubwa kwa wino mwekundu, macho yake hayaoni vizuri, halafu akaomba tuhesabu tena tangu mwanzo.