Chakula cha dharura baada ya kimbunga: hesabu ianzie kwenye sufuria

Kimbunga Idai kilipoingia nchi kavu karibu na Beira, Msumbiji, usiku wa tarehe 14 Machi 2019, mahindi ya mikoa ya Sofala na Manica yalikuwa bado shambani, yamebakiza wiki chache yavunwe. Vihenge vya nyumbani vilikuwa vitupu, maana Machi ndiyo mwisho wa miezi ya njaa huko. Mito Buzi na Pungwe ikafurika, zaidi ya hekta 700,000 za mazao zikaharibika, na barabara ya N6 inayounganisha bandari ya Beira na bara ikakatika. Waliohitaji msaada walikadiriwa kufika milioni 1.85. Wiki sita baadaye, tarehe 25 Aprili, Kimbunga Kenneth kikapiga Cabo Delgado kaskazini mwa nchi hiyohiyo.

Mambo haya ndiyo yanayoamua aina ya chakula, kiasi chake na muda wa kukigawa. Kabla ya kuuliza zipo tani ngapi bandarini, mratibu aulize familia hizi zilikuwa zimebakiwa na nini siku moja kabla ya upepo. Kimbunga kikipiga baada ya mavuno, kaya nyingi huokoa walau magunia machache na msaada wa mwezi mmoja au miwili unaweza kutosha. Kikipiga wiki tatu kabla ya mavuno, mtu amepoteza akiba ya mwaka mzima.

Siku za kwanza hakuna kupika. Kuni zimelowa, sufuria zimesombwa, maji ya kisima yamechanganyika na ya choo. Kumpelekea mtu aliye juu ya paa gunia la unga hakumsaidii. Kinachopelekwa ni biskuti zenye nguvu, zile zilizoongezwa vitamini na madini: gramu 100 zina takriban kilokalori 450, na mtu mzima hupewa hadi gramu 400 kwa siku. Hesabu ya helikopta inaonyesha vizuri faida yake. Mi-8 ikibeba tani 3, hizo ni biskuti za siku moja kwa watu 7,500, na zinaliwa palepale. Tani 3 za mgao kamili wa unga, mikunde na mafuta zinatosha kaya kama 72 za watu watano kwa nusu mwezi, ila hawana moto wa kuzipikia.

Helikopta hizohizo ndizo zinazookoa watu, na uokoaji lazima utangulie. Njia inayofanya kazi ni kupakia biskuti wakati wa kwenda na watu wakati wa kurudi, na kukubaliana asubuhi na kikosi cha uokoaji ndege gani inakwenda wapi. Mahali pa kutua pakaguliwe kwanza. Baada ya kimbunga mabati yaliyong'oka yametapakaa kila mahali, na upepo wa panga za helikopta huyarusha kama visu. Watu watatu wenye filimbi na kamba, waliofika mapema kwa boti, wanaweza kuzuia vifo kwenye uwanja wa mpira.

Maji yakianza kushuka, tunaingia kwenye mgao wenyewe. Kipimo kinachotumika ni kilokalori 2,100 kwa mtu kwa siku, na njia ya kawaida ya kuzifikia ni gramu 400 za nafaka, 60 za mikunde, 25 za mafuta ya kula yenye vitamini, 50 za unga wa uji wa mahindi na soya, 15 za sukari na 5 za chumvi. Kwa watu 10,000 kwa siku 15 hiyo ni nafaka tani 60, mikunde tani 9, mafuta tani 3.75, unga wa uji tani 7.5, sukari tani 2.25 na chumvi kilo 750. Jumla ni tani 83.25. Kwenye lami nzima hiyo ni semitrela tatu za tani 30. Lami ikiishia kwenye daraja lililozama, mzigo uleule unakuwa malori 12 ya tani 7, na kila moja linahitaji dereva, dizeli, msaidizi na hati ya mzigo iliyosainiwa pande zote mbili. Waliokwama Somanga Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipokata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi, wanajua daraja moja linaweza kufanya nini.

Sasa ugeuze hesabu uitazame upande wa mama anayebeba. Kaya ya watu watano kwa siku 15 inapata unga kilo 30, mikunde kilo 4.5, mafuta kama lita 2, unga wa uji kilo 3.75, sukari kilo 1.1 na chumvi gramu 375. Ni zaidi ya kilo 41 kichwani. Mgao wa mwezi mzima ungekuwa kilo 83, na hapo atalazimika kumlipa mtu wa baiskeli kwa unga, au kuuza sehemu kwa mchuuzi aliyesimama mita mia kutoka kituoni. Ndiyo sababu miezi miwili ya mwanzo nashauri mgao wa nusu mwezi, japo wahasibu hawaupendi kwa kuwa gharama ya kugawa inakuwa maradufu. Vituo navyo visiwe zaidi ya kilomita 5 kutoka watu wanapolala. Agiza pia viroba vya kilo 25 badala ya magunia ya kilo 50: vinaingia kwenye mtumbwi, vinabebeka kwenye matope, na kimoja kikidondoka majini hasara ni nusu.

Unga au punje? Punje hukaa muda mrefu na ni rahisi kununua kwa wingi, lakini zinataka mashine, na mashine zimezama au hazina umeme. Ukigawa punje, familia italipa kusaga kwa sehemu ya mgao wake, na zile kilokalori 2,100 zinabaki kwenye karatasi. Kuna jambo jingine la kusini mwa Afrika: tangu ukame wa 2002, Msumbiji, Malawi na Zimbabwe zilitaka mahindi ya msaada yenye vinasaba vilivyobadilishwa yasagwe kwanza ili yasije yakapandwa, na Zambia iliyakataa hata yakiwa unga. Anayepakia meli bila vyeti vya kueleza asili ya nafaka, afya ya mimea na ufukizaji atashangaa kuona chakula kimekaa gatini huku watu wakiwa na njaa kilomita 60 kutoka hapo. Unga una udhaifu wake: kwenye joto na unyevu wa pwani huharibika ndani ya miezi michache, hivyo uagizwe kidogokidogo.

Cabo Delgado walihitaji mgao tofauti. Watu wa pwani ile, wengi wao wasemaji wa Kimwani ambacho msemaji wa Kiswahili anakisikia kwa karibu sana, wanakula wali, muhogo na samaki, na visiwa kama Ibo havifikiwi kwa lori. Mchele kwa boti ulifaa kuliko unga wa mahindi.

Mzigo ukipungua, na hupungua kila mara, wakubwa hushawishika kukata mikunde kwa sababu ni ghali, kisha kuongeza nafaka ili jumla ya kilokalori isishuke. Msifanye hivyo. Mwaka 1989 wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi waliacha kupata karanga kwenye mgao wao uliokuwa wa mahindi zaidi, na mwaka uliofuata wakapatikana wagonjwa zaidi ya 18,000 wa pelagra, ugonjwa wa kukosa niasini, aina ya vitamini B, unaochubua ngozi, kuharisha na kuvuruga akili. Matumbo yalikuwa na ugali, lakini niasini haikuwepo. Chakula kisipotosha, kata vyote kwa uwiano mmoja, waambie watu wazi, na linda unga wa uji wa watoto wa chini ya miaka miwili, wajawazito na wanaonyonyesha. Chagua pia mikunde iliyopasuliwa, dengu au mbaazi, zinazoiva chini ya saa moja. Maharage makavu yanakula kuni za saa mbili au tatu, na kuni hazipo. Maziwa ya kopo na ya unga ya watoto wachanga yanayoletwa kama zawadi yasigawiwe kiholela. Kipindupindu kilitangazwa Beira tarehe 27 Machi 2019, siku 13 tu baada ya kimbunga, na chupa iliyooshwa kwa maji yale ni hatari kwa mtoto ambaye mama yake angeweza kunyonyesha.

Ghala. Dhoruba huezua mapaa, kwa hiyo usitegemee maghala ya mji. Hema la ghala la mita 10 kwa 32 linabeba takriban tani 500 na husimamishwa na watu wachache wenye uzoefu, mradi ardhi imeinuliwa na mfereji wa maji umechimbwa kuzunguka. Magunia yakae juu ya chaga za mbao, mita moja kutoka ukutani, na kila rundo liwe na kadi yake inayoandikwa kila mzigo unapoingia au kutoka. Kinachoisha muda mapema ndicho kitoke kwanza, hata kama kiliingia jana. Gunia lililolowa litengwe siku hiyohiyo. Nafaka yenye unyevu zaidi ya asilimia 13 hadi 14 huota ukungu, na sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, haionekani kwa macho wala haiondoki kwa kupika. Kuikausha juani na kuirudisha kwenye rundo "ili isipotee" ni kosa la huruma, na linaua.

Hata hivyo, kwa maoni yangu chakula kingi hupotea kwenye orodha kuliko kwenye ghala. Vitambulisho vimekwenda na maji. Kiongozi wa mtaa anaombwa alete majina kufikia kesho, naye anaandika anaowakumbuka: ndugu, majirani, wanaohudhuria mikutano. Wanaosahaulika ni wajane, mke wa pili, mpangaji, mgeni aliyehamia mwaka jana, mzee asiyetoka nje. Aprili 2019 shirika la haki za binadamu la Human Rights Watch liliripoti wanawake waliosema kwamba baadhi ya viongozi wa maeneo yaliyokumbwa na Idai waliwataka kimwili ndipo wapewe chakula. Mwaka huohuo ikaanzishwa namba ya simu ya bure ya malalamiko, 1458. Namba ya simu ni jambo jema, lakini mlango wa uovu huo ni mtu mmoja kuwa na mamlaka juu ya orodha, na mlango huo unafungwa kwa utaratibu.

Andikisha kwa sufuria: wanaokula pamoja ni kaya moja. Mke wa pili mwenye jiko lake ana kadi yake. Kadi iandikwe jina la mwanamke anayepika, pamoja na mtu mmoja anayeweza kumchukulia. Orodha itengenezwe na kamati yenye wanawake wasiopungua nusu, kisha isomwe hadharani kwa kipaza sauti kabla ya mgao, kwa lugha ya watu: Kisena na Kindau huko Sofala, Kimakua, Kimwani na Kimakonde kaskazini. Kireno peke yake hakitoshi kijijini. Acha siku moja ya pingamizi. Anayeandikisha asiwe anayegawa, na anayegawa asiwe anayepokea malalamiko.

Siku ya mgao, tangazo litoke jana yake likitaja kiasi halisi cha kila mtu, maana asiyejua haki yake hawezi kulalamika akipunjwa. Kiasi hichohicho kichorwe kwenye ubao mlangoni. Fanya hesabu ya muda mapema: kaya moja ikichukua dakika 3, mstari mmoja unahudumia kaya 20 kwa saa, na kaya 500 zitataka saa 25. Mistari mitano inamaliza kwa saa tano, na watu wanafika nyumbani kabla ya giza. Wazee, wajawazito na walemavu wawe na mstari wao wenye kivuli. Maji ya kunywa yenye klorini na pa kunawia mikono viwepo kabla lori la kwanza halijafika.

Kopo la kupimia lipimwe kwenye mizani mbele ya kamati, na kwa kila aina ya chakula, kwa sababu kopo la mbaazi si uzito wa kopo la unga. Mgawaji akijaza kilima kidogo juu, asilimia 5 tu ya ziada, kaya 100 za kwanza zinakula karibu mgao wote wa kaya 5 za mwisho. Fujo nyingi za jioni kwenye vituo huanzia hapo, kisha husingiziwa tamaa ya watu. Kata ukingo wa kopo kwenye kiwango sahihi na futa juu kwa kijiti. Baada ya kupokea, kila kaya ya kumi ipimwe tena njiani.

Uratibu wa mashirika huko Beira ulifanyika uwanja wa ndege, chini ya taasisi ya serikali ya maafa, wakati ule INGC, pamoja na WFP, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, na wengine. Jedwali moja linatosha: nani, wapi, nini, watu wangapi, hadi tarehe gani. Kata moja ipewe shirika moja la mgao wa jumla. Bila hivyo vijiji vya kando ya lami hupata mara tatu, na vya ng'ambo ya mto hupata ahadi. Maduka yakifunguka na bei ikitulia, vocha zinachukua nafasi ya magunia mjini, ila uliza kwanza wenye maduka wanaweza kujaza rafu tena kwa siku ngapi.

Halafu mbegu. Maji yakishuka bondeni hubaki unyevu wa kupandia mazao ya msimu wa pili, kilimo ambacho watu wa Rufiji wanakiita mlau. Dirisha hilo ni Aprili na Mei, halisubiri ripoti. Baada ya Idai, FAO, shirika la kilimo la Umoja wa Mataifa, iligawa mbegu za mahindi na maharage pamoja na jembe na panga. Mbegu zifike kijijini siku moja na mgao wa chakula, zikiwa za aina zinazokomaa haraka. Zikitangulia chakula zitaliwa, na zikichelewa hadi Juni udongo umekauka. Kaya zilizopanda zisiondolewe kwenye orodha hadi wamevuna, na bajeti ya Oktoba hadi Machi iombwe mapema, mwezi uleule wa kimbunga, wakati dunia bado inatazama.