Msamaha wa kodi na meza yangu ya chapati

Nauza chai na chapati nje ya geti la viwanda vya EPZ, yaani eneo maalum la kuzalisha bidhaa za kuuza nje ya nchi, hapa Dar es Salaam. Alfajiri mabinti wa kushona wanakunywa wamesimama, kikombe mkono mmoja, kitambulisho mkono wa pili. Ndio wanaoniendeshea biashara, kwa hiyo viwanda nashukuru vipo.

Ila inaniuma. Sheria ya EPZ ya 2002 iliwapa wawekezaji hawa miaka 10 bila kodi ya mapato ya kampuni, na miaka 10 bila ushuru na tozo za serikali za mitaa. Mie ushuru nadaiwa hata siku chapati zimelala. Jamani, basi serikali itubandikie kwenye mbao za matangazo: imesamehe shilingi ngapi, na ajira ngapi zimepatikana?